Kichwa Kikiuma Karagwe, Jicho Nalo Litazamwe

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo mpakani, kichwa kinachouma huwa kimeshapewa jina kabla mwenye nacho hajafika popote: malaria. Mama akishika paji la uso asubuhi, jua halijapanda jirani ameshamshauri apitie duka la dawa muhimu. Pale atapata panado, na mara nyingine ataongezewa dozi ya mseto wa malaria bila kutobolewa kidole. Siku ya tatu kichwa kimetulia na nyumba nzima inaishukuru dawa. Wiki tatu baadaye maumivu yanarudi upande uleule, nyuma ya jicho lilelile, na safari ya dukani inaanza upya.

Sina ugomvi na hofu inayomsukuma mtu kwenda dukani. Kagera imezika watoto wengi kwa malaria, na mzazi anayekaa akisubiri homa ipite yenyewe anacheza kamari na uhai wa mwanawe. Lakini kuna hesabu moja ambayo watu wengi hawajaipiga. Kipandauso, yaani maumivu ya kichwa yanayojirudia, mara nyingi upande mmoja, kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kisha huondoka chenyewe. Dozi ya mseto humezwa kwa siku tatu, asubuhi na jioni. Ugonjwa unaoondoka wenyewe ndani ya siku tatu, ukikutanishwa na dawa ya siku tatu, utaipa dawa hiyo sifa isiyo yake kila mara. Ndivyo mtu anavyoweza kukaa miaka kumi akiamini ana malaria sugu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Swali hilo la pili, kwa maoni yangu, liulizwe jichoni.

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo. Hutembea katika ukoo, bibi akampa mama na mama akampa binti, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hushika mara nyingi upande mmoja wa kichwa, hugonga kwa mapigo, huleta kichefuchefu au kutapika, na humfanya mtu auchukie mwanga, kelele, hata harufu ya chakula alichokuwa akikipenda jana. Akitembea kinazidi, akilala kwenye chumba cha giza anapata nafuu. Duniani watu zaidi ya bilioni moja wanaishi nacho. Katika orodha ya mwaka 2019 ya magonjwa yanayowaondolea watu uwezo wa kufanya kazi zao kilishika nafasi ya pili, na kwa wanawake walio chini ya miaka 50 kilikuwa cha kwanza.

Kuna wanaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu na watu wa maofisini. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba vijijini kusini mwa Tanzania walikuta jambo jingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba watu 5 hivi katika kila 100 walikuwa na kipandauso, wanawake wakiwa wengi zaidi. Baadaye kazi ya aina hiyohiyo ilifanyika kaskazini, eneo la Haydom, na mwaka 2010 ikatoa takwimu zisizotofautiana sana na zile za kusini. Profesa William Matuja wa Muhimbili, mmoja wa madaktari wa mwanzo wa mishipa ya fahamu nchini, alikuwa miongoni mwa watafiti mara zote mbili. Tukichukua kipimo hicho, kijiji chenye watu 1,000 kina watu 50 wanaougua, na wengi wao wanatembea na jina la ugonjwa usio wao.

Baadhi yao, kati ya robo na theluthi, hupata ishara machoni kabla maumivu hayajaanza. Madaktari huziita aura. Mtu yuko juani ameinama juu ya turubai, anageuza kahawa ya maganda kwa mikono. Ghafla sehemu ndogo karibu na kile anachokitazama inapotea; haiwi nyeusi, ila haionekani tu. Baada ya dakika chache ukingo wa sehemu ile unaanza kumeta kwa mistari yenye pembepembe kama meno ya msumeno, mengine yakiwa na rangi. Mistari inatanuka polepole kuelekea pembeni, inaacha nyuma yake eneo lisiloona, na baada ya dakika 20 au 30 inatoka kabisa nje ya upeo wa macho. Maono yanarudi. Kisha kichwa kinaanza.

Anayepatwa na hali hiyo kwa mara ya kwanza huamini anapofuka. Wapo wanaoamini wamerogwa, na wapo wanaochanjwa chale kipajini au kuumikwa kwa pembe. Siwalaumu. Hata wanasayansi waliopatwa nayo ilibidi waichunguze kwa miaka mingi. Hubert Airy, daktari Mwingereza, aliichora aura yake hatua kwa hatua na michoro hiyo ikachapishwa mwaka 1870. Karl Lashley, Mmarekani, naye aliipima yake, na mwaka 1941 alikokotoa kwamba chanzo chake lazima kiwe kitu kinachosafiri juu ya gamba la ubongo kwa kasi ya milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão, akifanya majaribio kwa sungura, alilikuta wimbi lenyewe: chembe za ubongo huamka kwa kishindo kisha hunyamaza, na ukimya huo husambaa polepole kwa majirani zake kwa kasi ileile. Likipita sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulikia kuona, mtu huona mistari.

Kwa hiyo aura ya kawaida haitoki jichoni, na kuna namna ya kulithibitisha hilo pale pale shambani. Mistari ikianza, fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Ikiwa inaonekana kwa macho yote mawili, upande uleule, chanzo chake ni ubongo. Ikiwa ni jicho moja tu lililofifia au kuzimika, huku la pili likiona vizuri, tatizo liko kwenye jicho hilo au mishipa inayolilisha, na hapo mambo hubadilika. Kipandauso cha retina, yaani cha utando wa nyuma ya jicho, kipo, lakini ni nadra mno, na hakuna tabibu anayepaswa kumwambia mtu anacho mpaka awe ameondoa kila kingine: damu iliyoganda kwenye ateri ya retina, ateri ya shingo iliyoziba, kuvimba kwa mishipa kwa watu waliopita miaka 50. Jicho moja likizimika ghafla, hata kama halina maumivu na hata kama limerudi baada ya dakika tano, mtu aondoke siku hiyohiyo kwenda hospitali, iwe Nyakahanga, Isingiro au Bukoba.

Ikiwa aura ni ya ubongo, kwa nini basi tuhangaike na mishipa ya jicho?

Kwa sababu retina ni ubongo. Mtoto akiwa tumboni, sehemu ya ubongo huchomoza mbele na kuwa retina, ikiwa na aina ileile ya neva na mishipa midogo inayojilinda kwa namna ileile. Na katika mishipa yote ya ubongo, hiyo ndiyo tunayoweza kuiona ikifanya kazi bila kumpasua mtu. Hermann von Helmholtz alitengeneza kifaa cha kumulikia ndani ya jicho mwaka 1851. Tangu hapo daktari mwenye taa, lenzi na subira anaweza kuangalia mishipa midogo ya mgonjwa wake kwa macho yake mwenyewe.

Ni vyema msomaji ajue kinachofanyika. Mgonjwa hukaa kwenye chumba chenye giza, akatiwa tone la dawa ya kupanua mboni, akasubiri dakika 20 hivi. Tabibu husogea hadi mashavu yanakaribia kugusana, akamwambia atazame mbali ukutani asichezeshe jicho. Mwanzoni huona wekundu mtupu. Akiupata mshipa mmoja na kuufuata kuelekea upande wa pua, hufika mahali mishipa yote inapotokea: duara la njano iliyofifia, ukingo wake ukiwa safi. Hicho ni kichwa cha neva ya jicho. Kutoka hapo mishipa hugawanyika juu na chini, ateri zikiwa nyembamba na zenye wekundu wa kung'aa, vena zikiwa pana na nyeusi zaidi, kwa uwiano wa karibu 2 kwa 3. Shinikizo la damu la muda mrefu huzifanya ateri zisinyae na kuzibana vena pale zinapopishana. Kisukari huacha vitone vya damu. Ukingo wa duara ukiwa umevimba na kufifia, kuna msukumo ndani ya fuvu, na mgonjwa huyo hapaswi kurudishwa nyumbani na panado.

Kwa mwenye kipandauso, taa hiyo ya kawaida mara nyingi haioni kasoro yoyote, na huo uzima ndio habari yenyewe. Mtu ambaye kichwa chake huja na kwenda kwa miaka, hana homa, hana shinikizo la damu, shingo haijakaza, na retina yake ni safi, ameshaondolewa mashaka mengi mazito kwa uchunguzi wa dakika chache.

Vifaa vipya vinaona mbali zaidi ya taa. Siku hizi kuna mashine zinazopiga picha za retina kwa mwanga na kuonyesha damu inavyopita kwenye kapilari, bila kumchoma mgonjwa sindano ya rangi. Katherine Podraza na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliitumia mashine ya aina hiyo kwa watu 37 wenye kipandauso chenye aura, 30 wasio na aura na 20 wasio na kipandauso kabisa. Walichokichapisha mwaka 2024 ni hiki: wakati kichwa kinauma, damu inayopita kwenye kapilari za retina hupungua, kwa wenye aura na wasio na aura. Hata siku za amani, wenye aura walikuwa na damu kidogo zaidi katika baadhi ya sehemu za retina kuliko wasio na aura. Tena tofauti kati ya jicho la kulia na la kushoto ilikwenda sambamba na upande ambao kichwa kilikuwa kinauma.

Watu 87 ni wachache, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mishipa ndiyo inayoanzisha maumivu. Hata hivyo unanigusa, kwa sababu wagonjwa wengi wa kipandauso hulalamika kwamba macho hufifia wakati wa maumivu, na kwa muda mrefu walijibiwa kwamba ni uchovu. Sasa kuna picha inayosema kwamba kuna kitu kinatokea kwenye mishipa yao midogo saa ileile.

Historia ya ugonjwa huu imeyumba sana juu ya suala la mishipa. Mwaka 1938 Harold Wolff na mwenzake wa New York waliamini kipandauso ni mishipa ya damu inayotanuka, kwa kuwa dawa ya ergotamini iliibana na maumivu yakapungua. Baadaye wimbi la Leão lilipozingatiwa upya, neva zikachukua nafasi ya kwanza na mishipa ikasukumwa pembeni. Leo inaeleweka kwamba neva kubwa ya uso, ikichokozwa, humwaga protini ndogo iitwayo CGRP ambayo hutanua mishipa na kuchochea maumivu. Watafiti wanne wa jambo hilo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa Tuzo ya Ubongo mwaka 2021. Neva na mishipa haviachani, na retina imekuwa mahali pa kuviona pamoja.

Kwa muda mrefu zaidi, picha haipendezi. Katika utafiti wa ARIC, uliofuatilia maelfu ya watu wa makamo katika jamii nne za Marekani, ilionekana mwaka 2007 kwamba wenye kipandauso na maumivu mengine ya kichwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dalili za mishipa iliyoharibika kwenye retina. Mwaka 2021 uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa kipandauso zaidi ya 400,000, pia Marekani, ulionyesha kwamba hatari ya ateri ya retina kuziba ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya wasio na kipandauso. Nisikutishe: hata miongoni mwa wenye kipandauso, waliopatwa na janga hilo walikuwa karibu robo ya mtu mmoja katika kila mia. Ila mishipa inayoweza kuziba jichoni ni ndugu wa ile inayoziba kichwani, na tunajua kwamba kipandauso chenye aura huongeza hatari ya kiharusi takriban mara mbili.

Hapo ndipo penye neno kwa wanawake wetu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ile ya estrojeni ikiwa mojawapo, havifai kabisa kwa mwanamke mwenye kipandauso chenye aura. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaviweka katika kundi la 4, maana yake visitumike. Zipo njia nyingine zisizo na estrojeni, kama kipandikizi, kitanzi na sindano, ambazo mtoa huduma anaweza kumpa. Lakini atampaje kama hajamuuliza? Swali lenyewe ni fupi: je, kabla kichwa hakijauma, huwa unaona mistari inayometameta? Ningependa liulizwe katika kila kliniki ya uzazi wa mpango ya Karagwe na Kyerwa, pamoja na swali la sigara, maana aura, estrojeni na tumbaku vikikutana hatari hupanda maradufu.

Na kwa mjamzito, mambo yageuzwe kabisa. Mimba ikishapita wiki 20, kichwa kinachouma pamoja na vimulimuli machoni visiitwe kipandauso wala malaria mpaka shinikizo la damu limepimwa na mkojo umeangaliwa. Inaweza kuwa dalili kwamba kifafa cha mimba kinakaribia, na kwenye retina ya mama huyo ateri huonekana zimejikaza na kusinyaa. Anahitaji salfeti ya magnesi na hospitali. Kutoka kijiji cha ndani cha Kyerwa hospitali ni mwendo mrefu wa bodaboda, kwa hiyo saa inayopotea kwa kumeza mseto ni saa isiyorudi.

Nirudi kwenye malaria, kwa kuwa huko ndiko retina imefanya kazi kubwa kuliko kote Afrika, na Karagwe yenyewe iko katikati ya habari hiyo.

Mwaka 1993 Susan Lewallen na wenzake walichapisha walichokiona ndani ya macho ya watoto wa Malawi waliozimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Retina ilikuwa na mabaka meupe. Vitone vya damu vilitapakaa, vingi vikiwa na kitovu cheupe. Mishipa mingine ilikuwa imepoteza wekundu na kuwa ya rangi ya chungwa au nyeupe, kwa kuwa chembe nyekundu zilizojaa vimelea zilikuwa zimenata humo na rangi yake imeliwa. Yaani kile kinachoziba mishipa midogo ya ubongo wa mtoto kilikuwa kinaonekana waziwazi jichoni. Lewallen baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, katika kituo cha afya ya macho ya jamii alichokianzisha pamoja na Paul Courtright.

Kisha ukaja mwaka 2004. Terrie Taylor na wenzake huko Blantyre, Malawi, waliwachunguza baada ya kifo watoto 31 waliokuwa wameandikiwa malaria ya ubongo kwa vigezo vyote vya kawaida. Saba kati yao walikuwa wameuawa na kitu kingine. Walikuwa na vimelea katika damu, ndiyo, lakini vimelea havikuwa vimeziba ubongo. Katika dalili zote zilizoweza kuonekana mtoto akiwa hai, iliyotenganisha vizuri zaidi wale waliokufa kwa malaria na wale waliokufa kwa sababu nyingine ilikuwa retina. Watoto saba kati ya 31, katika hospitali yenye watafiti waliobobea. Sijui msomaji anaisomaje hesabu hiyo. Mimi inanifanya nisiamini tena kwamba vimelea kwenye damu ni jibu la kila kinachouma.

Hapa Kagera watu wengi hubeba vimelea bila kuumwa. Zaidi ya hapo, kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki ndani ya damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mwanamke aliyetibiwa malaria ya kweli mwanzoni mwa mwezi, akipatwa na kipandauso wiki tatu baadaye, kipimo kinaweza kuonyesha mistari miwili kwa uaminifu kabisa, na mtoa huduma akampa dawa kwa nia njema kabisa, na wote wawili wakawa wamekosea ugonjwa. Historia ya maumivu ndiyo ingewasaidia: yameanza lini, upande gani, yanarudi kila baada ya muda gani, kuna homa au hakuna, macho yanaona nini.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya hizi. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba nchini Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, kuna vimelea vyenye badiliko la chembe urithi liitwalo R561H, linalovipa uvumilivu dhidi ya artemisinini, yaani nguzo ya dawa mseto. Sampuli zilizokusanywa Tanzania mwaka 2021 zilionyesha kwamba badiliko hilo liko Kagera, na Wilaya ya Karagwe ndiyo iliyokuwa juu, zaidi ya sampuli moja katika kila tano. Mwaka uliofuata Dk. Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotibiwa Karagwe, wakakuta kwa baadhi yao vimelea bado vinaonekana siku ya tatu. Mseto uliendelea kuponya wagonjwa walio wengi, kwa sababu dawa ya pili ndani yake bado inafanya kazi. Lakini usugu umeshabisha hodi, na kila dozi inayomezwa na mtu mwenye kipandauso na vimelea vichache visivyomsumbua inavipa vile vilivyo sugu nafasi ya kubaki peke yao.

Mimi naona kipandauso na usugu wa malaria ni habari moja Karagwe. Anayemtambua vizuri mgonjwa wa kwanza anailinda dawa ya wa pili.

Utaniuliza, zahanati ya kijijini itatoa wapi vifaa vya Los Angeles? Haivihitaji. Nakuru, Kenya, Andrew Bastawrous na wenzake walizunguka na timu katika vijiji 100 hivi wakifuatilia afya ya macho ya maelfu ya watu, wakabeba pia simu ya kawaida iliyofungwa lenzi mbele ya kamera yake. Picha za kichwa cha neva ya jicho zilizopigwa kwa simu hiyo na watu wasio wataalamu wa macho zilikaribiana kwa ubora na zile za kamera kubwa ya hospitali. Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kimetengeneza kifaa kidogo kiitwacho Arclight, kinachotoshea mfukoni na kuchajiwa kwa jua, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wa uhakika. Malawi, ambako Lewallen alizisoma retina za watoto, ni kati ya nchi kinakotumika. Kinachohitajika zaidi ni mafunzo na mazoea: matabibu na wauguzi wetu kulitazama jicho la kila mwenye kichwa kinachorudi, mpaka mkono uzoee na jicho lizoee.

Gharama ya kutolitazama hulipwa na familia. Panado za wiki hii, mseto wa wiki ijayo, nauli ya Bukoba, siku tatu za kazi zilizopotea wakati kahawa imeiva na haimsubiri mtu. Wapo wanaofikia kuuza kahawa butura, ingali mtini, kwa bei ya kutupa, ili wagharimie matibabu ya ugonjwa usiojulikana jina.

Na vidonge vyenyewe vina tabia ya kugeuka. Anayemeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, huanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizo. Kwa zilizochanganywa na kafeni au kodeini, siku 10 zinatosha. Kahawa nayo ina pande mbili. Kikombe kimoja mwanzoni mwa maumivu humsaidia mtu, na akamwani, kahawa inayotafunwa barazani, haina ubaya kwa wengi, lakini aliyezoea kafeni kila siku akiikosa ghafla kichwa humwadhibu kesho yake.

Kwa hiyo mwenye kichwa kinachorudi achukue kalenda ya ukutani na kalamu. Kila siku kichwa kinapouma aweke alama, aandike kilianza saa ngapi, upande gani, kama aliona mistari, kama alikuwa kwenye siku zake, kama alikula mchana ule au alishinda shambani na njaa, na amemeza nini. Baada ya miezi miwili aipeleke kalenda hiyo kituo cha afya. Mtoa huduma mwenye karatasi hiyo mkononi, kipima shinikizo la damu na taa ya jicho ana karibu kila anachohitaji ili kukitambua kipandauso.

Tiba ipo, na haiko mbali. Ibuprofeni au aspirini ikimezwa mapema, maumivu yakiwa bado machanga, kwa kipimo kamili na pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, hukata makali kwa wengi. Asiyestahili kuzitumia, kama mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo, apewe parasetamoli. Sumatriptani, iliyotengenezwa mahsusi kwa kipandauso, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hapewi. Anayeumwa mara nne au zaidi kwa mwezi anaweza kuwekwa kwenye dawa ya kuzuia, ambayo humezwa kila siku hata siku ambazo kichwa hakiumi: propranololi, ambayo wengi wanaijua kwa shinikizo la damu, au amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Mwenye pumu asipewe propranololi. Dawa hizi huanza kuonyesha kazi yake baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo mtu asizitupe wiki ya kwanza, na kalenda ya ukutani iendelee kujazwa mpaka mwezi wa tatu, ndipo alama zihesabiwe upya.